Jasho Limekauka, Vumbi Limebaki Kifuani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah Subhanahu wa Taala, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo bora na akamkabidhi mwili wake uwe amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema. Ama baad.



Likizo iliyopita tulitengeneza musalla wetu. Wengi wenu mnaukumbuka ule ukumbi wa zamani tuliopewa na chuo, wenye paa la kijivu la mawimbi. Paa lilikuwa limepasuka na mvua ilikuwa inatunyeshea mpaka kwenye mikeka. Tukachanga, tukanunua mabati mapya, tukaajiri vibarua watatu kutoka mjini washushe paa la zamani. Waliligonga kwa nyundo, vipande vikadondoka sakafuni na kuvunjikavunjika, vumbi likajaa ukumbi mzima. Sisi tulikuwa chini tunafagia, mimi nikiwa mmojawapo, na vumbi lilipozidi nilijifunga shati puani. Baada ya swala ya Alasiri tuliwalipa wale vibarua ujira wao wote mkononi, na mmoja wetu akatukumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayotutaka tumlipe mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Tulifurahi sana. Tuliona tumeihuisha Sunna.

Wiki kadhaa baadaye ndugu mmoja anayesomea afya ya mazingira alikuja kuswali, akaona vipande vilivyorundikwa nyuma ya ukuta. Akaniuliza, "Hii asbesto mliishusha vipi?" Sikumwelewa. Nilidhani ni saruji tu. Ni saruji kweli, lakini ndani yake mna nyuzi, na swali lake ndilo lililonifanya niandike haya.

Asbesto ni madini. Huchimbwa ardhini kama mawe mengine, ila ukiyaponda hayageuki unga, yanachambuka kama pamba. Hayaungui kwa moto wala hayaozi kwa maji, na bei yake ilikuwa nafuu. Karne ya 20 dunia nzima iliyashabikia: yakawekwa kwenye mapaa, mabomba ya maji, breki za magari, na vitambaa vya kufungia mitambo ya mvuke. Huku kwetu Afrika Mashariki mapaa hayo yapo bado kwenye shule za zamani, hospitali, na nyumba za wafanyakazi wa reli. Karatasi ya asbesto ikiwa nzima na haijaguswa, nyuzi zake zimefungwa ndani ya saruji na hatari yake ni ndogo. Hatari inaanza inapokatwa kwa msumeno, kutobolewa, kuvunjwa kwa nyundo, au inapochakaa. Kwa maneno mengine, hatari inaanza pale anapofika fundi.

Nyuzi hizo ni nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni, na shati langu la siku ile halikuweza kuzizuia. Zinapita puani, zinashuka mpaka kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu. Allah ameweka humo chembe zinazolinda, kazi yake kumeza uchafu na kuuyeyusha. Lakini uzi wa asbesto haumezeki wala hauyeyuki. Chembe zinajaribu, zinakufa, na mahali pale panabaki kidonda kinachopona kwa kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka hadi mwaka, mapafu yanakakamaa. Huo ni ugonjwa wa asbestosi. Mtu anaishiwa pumzi akipanda ngazi, kisha akitembea uwanja tambarare, kisha akivaa viatu tu. Wengine hupata saratani ya mapafu, na aliyevuta vumbi hilo huku anavuta na sigara hatari yake huongezeka maradufu na zaidi. Wengine hupata saratani ya utando unaozunguka mapafu, iitwayo mesothelioma, ambayo kwa kawaida ikishagunduliwa mgonjwa haishi muda mrefu. Wengi hawafiki miaka miwili.

Na haya hayatokei kesho wala mwakani. Huchukua miaka 20, 30, 40, wakati mwingine zaidi. Kijana anavuta vumbi akiwa na miaka 22 na anaanza kukohoa akiwa na wajukuu. Kufikia hapo kampuni imeshafungwa, msimamizi ameshafariki, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mzee huyu aliwahi kufanya kazi pale. Atapimwa kifua kikuu. Ataambiwa ni uzee. Majirani huenda wakasema amerogwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini, na hawa wa leo ni wavumbi wa miaka ya sabini na themanini.

Sasa sisi wa masomo ya Kiislamu tunaulizwa nini hapa? Tumezoea kuizungumzia haki ya mfanyakazi kwa upande mmoja, ujira. Hadithi ya jasho tunaijua sote. Hadithi ya watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, akiwemo aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote kisha asimlipe, nayo tunaijua. Lakini hebu rudini kwenye Surat al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) amefika Madyan, mkimbizi, hana kitu. Yule mzee anamtaka amfanyie kazi miaka minane, na akikamilisha kumi ni kwa hiari yake. Anamwambia kazi ni ipi na malipo ni yapi, kisha anaongeza jambo ambalo mikataba yetu mingi haina: kwamba hataki kumtaabisha. Mwajiri ndiye anayelianza neno hilo. Musa hakuuliza. Mtu mwenye njaa, mgeni ugenini, haulizi habari za usalama wa kazi. Anayejua ndiye anayetakiwa kusema.

Na akinyamaza? Katika Sahih Muslim imo habari ya Mtume (S.A.W.) kupita sokoni penye rundo la nafaka. Akaingiza mkono wake, vidole vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akatoa hukumu yake kali kuhusu mwenye kughushi, kwamba si katika sisi. Zingatieni kwamba yule mtu hakusema uongo. Alipoulizwa alisema kweli. Kosa lake lilikuwa kupanga rundo likavu juu na bichi chini. Tena ni nafaka tu, mnunuzi angefika nyumbani, angegundua, angerudi kudai. Je, aliyeficha unyevu utakaogunduliwa baada ya miaka 30 ndani ya kifua cha mtu?

Mfano wake tunao. Mwanamke mmoja wa Rochdale, Uingereza, jina lake Nellie Kershaw, alianza kazi ya viwandani akiwa na umri wa miaka 12, na baadaye alisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Mwaka 1922 daktari aliandika kwamba amedhurika kwa asbesto. Aliomba msaada, kampuni ikakataa kwa hoja kwamba ugonjwa wake haumo katika magonjwa yanayotambuliwa kisheria. Alifariki mwaka 1924 akiwa na miaka 33, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akayaandikia katika jarida la madaktari. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya Uingereza, Merewether na Price, walitoa taarifa ya wafanyakazi 363 waliopimwa, na zaidi ya robo yao walikuwa na makovu ya mapafu. Kwa hiyo tangu mwaka 1930 hakuna mwenye kiwanda aliyeweza kusema kwa haki kwamba hakujua. Mwaka 1935 Sumner Simpson, mkuu wa kampuni moja ya asbesto Marekani, alimwandikia wakili wa kampuni nyenziwe kwamba jinsi asbesto itakavyozungumzwa kidogo ndivyo itakavyokuwa heri kwao. Barua hizo zilikaa kimya miaka 40 mpaka zikaletwa mahakamani. Nafaka kavu juu, mbichi chini.

Afrika nayo ililipa. Huko Penge, Afrika Kusini, daktari aliyetembelea machimbo mwishoni mwa miaka ya 1940 aliwakuta watoto ndani ya magunia makubwa wakizikanyaga nyuzi zishindiliwe, na juu yao yupo msimamizi mwenye mjeledi. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya upande wa kaskazini wa Jimbo la Cape. Baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa machimboni hata siku moja. Walikuwa wakaaji wa jirani tu, wengine walikaa huko utotoni. Na imejulikana baadaye kwamba wake za wafanyakazi waliugua kwa kukung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao.

Kampuni ya Kiingereza, Cape, iliyochimba huko kwa miongo mingi, iliondoka mwaka 1979. Wafanyakazi na majirani waliifuata London. Kampuni ikadai kwamba kesi isikilizwe Afrika Kusini, ambako haikuwa na mali tena. Ilifika mpaka Baraza la Malodi, ambalo mwaka 2000 liliamua kwamba wadai, waliokuwa wameshapita 3,000, wasikilizwe Uingereza. Mwaka 2003 Cape ikakubali kulipa pauni milioni 7.5 kwa wadai wapatao 7,500. Gawanyeni wenyewe. Na wengi walikuwa wameshakufa wakisubiri.

Katika somo la Qawaid tumefundishwa kanuni iliyotokana na hadithi, al-kharaju bidh-dhamani. Wengi tunaihifadhi kwa ajili ya mtihani tukiwa na mfano wa mtumwa aliyerudishwa kwa aibu. Maana yake ni kwamba anayekula faida ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Basi chukueni kanuni hiyo muiweke Prieska au Penge. Faida ilikwenda London, hasara ikabaki vifuani mwa watu. Huo ni mgawanyo ambao sheria yetu haiutambui. Wala urefu wa muda hauondoi kitu. Haki ya mja haifutwi kwa kupita miaka, inafutwa kwa kulipwa au kusamehewa na mwenyewe. Ndiyo maana ile hadithi ya muflisi inatisha: mtu anakuja Siku ya Kiyama na swala na saumu na zaka, kisha wanatokea wenye madai yao mmoja mmoja mpaka mema yake yanakwisha.

Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj amepokea kwamba Umar ibn al-Khattab (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, anaomba mlangoni. Akamuuliza kilichomfikisha hapo. Ni uzee, haja, na jizya. Umar akamshika mkono, akampa kitu nyumbani kwake, kisha akamwagiza mtunza Baitul-mali amwangalie yeye na wa mfano wake, kwa hoja kwamba si haki kuula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Mzee yule hakuwa Mwislamu na hakuwa na kesi mahakamani. Ukiniuliza ni andiko gani katika turathi yetu linalowazungumzia wagonjwa wa asbesto, nitakutajia hili kabla ya kanuni zote za fiqhi.

Nilipolizungumza jambo hili katika darsa ya Jumapili nilipata pingamizi mbili. Ya kwanza, kwamba vibarua walikubali wenyewe, hakuna aliyewalazimisha. Jibu langu ni kwamba ridhaa bila kujua si ridhaa. Mafakihi wamesema aliyeghuriwa humrudia aliyemghuri. Na hata angejua, mwili si mali yake ya kuuza. Allah ametukataza kujitupa kwa mikono yetu kwenye maangamizi. Ya pili ni ile ya siku zote, kwamba maradhi ni qadar. Ndugu aliyeisema ni mtu mwema na sikutaka kubishana naye mbele ya watu, basi namjibu hapa. Umar alipofika Sargh akaambiwa Sham ina tauni, akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba anaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye majani na bonde kavu. Kulowesha paa kwa maji kabla ya kulishusha nako ni qadar.

Kuna pingamizi ya tatu ambayo hakuna aliyeisema, nilijiambia mwenyewe: sisi hatukujua. Kweli hatukujua. Kutojua kunaondoa dhambi, inshaallah. Lakini someni Surat an-Nisaa, aya ya 92. Aliyeua kwa kukosea hakukusudia, na bado diya ipo na kafara ipo. Kukosea kunampunguzia mkosaji lawama, hakumpunguzii aliyedhurika haki yake. Mimi si mufti, ni mwanafunzi wa mwaka wa 3, na kiasi cha dhamana katika jambo letu nimewaachia masheikh. Lakini jambo moja halihitaji fatwa: tuwatafute wale watu watatu tuwaambie.

Nisiwatie hofu kupita kiasi. Hatari ya asbesto inakwenda na kiasi cha vumbi na urefu wa muda. Sisi tuliofagia siku moja hatari yetu ni ndogo, ingawa hakuna kiwango ambacho wataalamu wanasema ni salama kabisa. Mwenye hatari ni yule ambaye kazi yake ni hii, leo paa letu, kesho paa la shule, keshokutwa ghala. Kumwambia kunamsaidia: aache sigara, akienda hospitali na kikohozi amtajie daktari kazi aliyoifanya, na paa linalofuata alishushe vingine. Karatasi ziloweshwe, zifunguliwe misumari zishuke zikiwa nzima, zisikatwe wala zisipigwe nyundo, sakafu isifagiliwe kavu, avae barakoa maalumu ya vumbi hili na si ya kitambaa, nguo za kazi zisiende nyumbani, na vipande vifungwe kwenye plastiki nene vikafukiwe mahali palipoidhinishwa. Karatasi nzima isiyochakaa ni bora iachwe ilipo mpaka apatikane anayejua. Majirani zetu Rwanda serikali yao iliamua mapaa haya yaondolewe nchi nzima kwa utaratibu, kwa hiyo haya si mambo ya Ulaya peke yake.

Nanyi mnaosomea uhandisi, ni nyinyi mtakaosaini kazi hizi. Mnaosomea udaktari, muulizeni mzee anayekohoa alikuwa anafanya kazi gani ujanani, kabla hamjamwandikia dawa.

Wawili tumewapata. Wa kwanza alitushukuru, akaandika majina ya vitu vya kununua. Wa pili ni mtu mzima, alicheka. "Sheikh," akaniambia, "mapaa haya nayashusha tangu wewe hujazaliwa." Nikamweleza taratibu nilivyoelezwa na yule ndugu wa afya ya mazingira. Alinyamaza kidogo, kisha hakuuliza habari za kifua chake. Aliuliza kama mkewe yuko salama, kwa sababu ndiye anayemfulia nguo. Nilimjibu nilichokijua, nikaona aibu kwamba nilikuwa na hadithi nyingi za kumpa kuliko majibu.

Jiko la chuo lina paa lilelile, na tumesikia litashushwa likizo ya Desemba. Jumuiya imeandika barua kwa uongozi kuomba kazi hiyo ifanywe na waliofunzwa, na majibu hatujayapata. Kibarua wa tatu hatujampata bado. Ni kijana mwembamba, alikuja siku ile na baiskeli nyekundu yenye kapu mbele, na tuliposwali Adhuhuri aliswali nasi safu ya nyuma. Anayemfahamu afike ofisi ya jumuiya siku yoyote baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.